Siku nane milima ya Tian Shan, Kirigizistani: uwindaji wa kuongozwa na risasi ambayo sikupaswa kuifyatua

#1 – Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Kabla sijasafiri nilitafuta kwa Kiswahili maelezo ya mtu aliyekwenda nje kuwinda milimani akiwa na waongozaji, mtu anayesema alibeba nini, alikosea wapi na alikuta nini huko. Sikupata. Sasa nimerudi, kucha mbili za vidole vya mguu zimeng'oka na zimeanza kuota upya, nayaandika mwenyewe. Ni marefu, nitaleta kwa vipande. Mwenye swali aulize katikati, asisubiri mwisho.

Nilikwenda Kirigizistani mwezi wa 10, kumfuata aibeksi, mbuzi mwitu wa milima ya Asia ya Kati. Kwa asiyemjua: dume lake ni zito, hufika kilo 100 na zaidi, lina ndevu, na pembe zake zimepinda kurudi mgongoni kama mundu. Za dume mzee huvuka mita moja. Wenyeji humwita teke. Mkataba wangu ulikuwa dume mmoja, siku nane za kuwinda, waongozaji wawili, farasi, na mkalimani ambaye pia ndiye aliyetupikia.

Nitangulize hili ili hata asiyesoma yote alipate. Siku ya nne nilifyatua risasi ambayo sikupaswa kuifyatua, nikamjeruhi mnyama. Chanzo ni hesabu niliyokuwa nayo kichwani tangu siku nalipa: nilijiona nimenunua mbuzi. Kumbe nilicholipia ni siku nane za kupanda mlima na watu wanaoujua, basi. Nitaeleza ilivyokuwa tukifika huko.

Kwanza karatasi, maana safari nyingi huharibikia hapo kabla mtu hajauona mlima. Bunduki yako inahitaji kibali cha kuingia nchi unayokwenda kuwinda, na kibali hicho huombwa na kampuni inayokupokea, wiki nyingi kabla. Kinataja aina ya bunduki, kaliba (kipenyo cha ndani cha mtutu), namba yake na idadi ya risasi. Wengi wanaishia hapo. Wanasahau kwamba ukibadilisha ndege katika nchi nyingine, nchi hiyo nayo inaweza kudai kibali chake, na shirika la ndege nalo linataka taarifa mapema. Bunduki inasafiri tupu, ndani ya sanduku gumu lenye kufuli. Risasi zinafungwa kando katika pakiti zake, na kikomo cha kawaida cha mashirika ya ndege ni kilo 5 kwa abiria.

Mimi kwenye kibali cha kupitia, tarakimu moja ya namba ya bunduki iliandikwa vibaya. Moja tu. Nililala kwenye kiti cha uwanja wa ndege, nikakosa ndege ya pili, nikafika Bishkek, mji mkuu wa Kirigizistani, nimechelewa siku nzima. Yule aliyeandika vibaya alikosea, lakini karatasi nilikuwa nayo mkononi kwa mwezi mzima na sikuwahi kuilinganisha na chuma chenyewe. Kaeni mezani na bunduki, someni namba kwa sauti, mtu mwingine ashike karatasi.

Naendelea kesho.

#2

Asante kwa uzi mkuu, nimekaa hapa hapa. Swali: kwa nini usingekodi bunduki huko huko ukaepuka usumbufu wote huo?

#3 – Mleta uzi

Mkuu, ni njia nzuri, na kwa mtu ambaye ndege zake zina vituo vingi ningemshauri hivyo hivyo. Kampuni nyingi zinakodisha. Ila uliza maswali ya mtu anayetaka majibu: kaliba gani, darubini yake imewekwa kwa umbali gani, risasi za aina gani na zipo ngapi za kufanyia mazoezi. Ukifika, piga shabaha nayo hadi mkono uizoee. Bunduki ngeni milimani inakuondolea utulivu wakati unauhitaji kuliko chochote.

Na hata ukibeba yako, ukishafika kambini lazima uipige upya kwenye karatasi. Masanduku hurushwa huko viwanjani. Kingine ambacho sikukifikiria: hewa ya juu ni nyepesi, haiizuii risasi kama hewa ya usawa wa bahari, kwa hiyo kwenye umbali mrefu risasi hupiga juu kidogo ya pale ulipozoea. Yangu ilikuwa imehama vidole viwili kulia, nadhani kwa kutupwa tu.

#4

Je, ni lazima kuwa na muongozaji? Mimi napenda kwenda peke yangu, najua milima.

#5 – Mleta uzi

Inategemea nchi, na kwingine sheria imeshakuamulia. Alaska, mgeni asiye raia wa Marekani lazima awe na muongozaji mwenye leseni kwa kila mnyama mkubwa. Hata Mmarekani wa jimbo jingine akitaka kondoo wa Dall (kondoo mwitu mweupe wa huko), mbuzi wa mlimani au dubu wa kahawia, lazima awe na muongozaji au ndugu wa karibu anayeishi Alaska. British Columbia kule Kanada nako mgeni wa kutoka nje ya nchi hawindi wanyama wakubwa peke yake.

Ila ndugu yangu, tuache sheria. Waongozaji wangu wawili, mmoja mtu mzima wa makamo na mpwa wake, walizaliwa kwenye mabonde yale. Wanajua theluji ikianguka usiku mbuzi watahamia upande upi asubuhi. Ukijua milima ya kwenu hujaijua hii.

#6

Wakuu naomba kuchangia kidogo, mimi ni muuguzi na nimepanda milima kadhaa, ingawa si mwindaji.

Mleta uzi hajagusia mwinuko na nisingependa mtu aondoke hapa bila hilo. Kwenye mita 4,000 kanieneo ya hewa ni kama asilimia 60 ya ile ya usawa wa bahari, kwa hiyo kila pumzi unayovuta inakupa kama asilimia 60 tu ya oksijeni uliyoizoea huko chini. Mwili unaweza kuzoea, lakini unadai siku. Ukishavuka mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne pumzika siku moja bila kupanda. Mchana unaweza kwenda juu zaidi ilimradi unarudi kulala chini.

Kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na usingizi wa kukatika ni dalili za mwanzo. Hapo usipande tena mpaka ziishe. Mtu akianza kuyumba kama mlevi au kuongea maneno yasiyoeleweka, ubongo umevimba. Akikosa pumzi hata akiwa amekaa, akakohoa makohozi yenye povu, mapafu yamejaa maji. Hali hizo mbili zinaua, tena haraka, na tiba yake ya kwanza ni kumshusha chini hapo hapo, hata kama ni usiku. Msisubiri kupambazuke.

Dawa ya asetazolamidi husaidia mwili kuzoea. Kwa kinga watu wazima wengi hupewa miligramu 125 mara mbili kwa siku kuanzia siku moja kabla ya kupanda, lakini muone daktari wako kwanza, hasa mwenye mzio wa dawa za salfa au ugonjwa wa figo. Na ukiwa na waongozaji usiwafiche kichwa kinapouma. Wawindaji mna tabia ya kuvumilia ili siku isipotee.

#7 – Mleta uzi

Dada/kaka muuguzi, ubarikiwe. Hiyo sentensi ya mwisho ni mimi kabisa. Kambi yetu ilikuwa kama mita 3,100, na usiku wa kwanza kichwa kilinigonga nikanyamaza. Asubuhi yule mzee aliniangalia mara moja tu nikinywa chai, akamwambia mkalimani kwamba leo hatupandi, tunapiga shabaha na kupumzisha farasi. Nilikasirika kimoyomoyo kwa sababu ni siku yangu moja kati ya nane. Ndiyo hesabu ile ile ninayoizungumzia.

Siku ya pili na ya tatu.

Tuliondoka kabla ya alfajiri kwa farasi. Kama hujawahi kupanda farasi, jifunze kabla ya kwenda, hata mara tano sita, kwa sababu farasi wa kule anapita kwenye njia ya upana wa viganja viwili juu ya korongo, gizani, na kazi yako ni kumwachia hatamu zilegee na kutulia juu ya tandiko. Ukimvuta unamchanganya. Baada ya saa mbili tunashuka, tunawafunga, tunapanda kwa miguu juu ya mawe yanayoporomoka. Unapiga hatua mbili, unarudi nyuma moja.

Nilijiandaa miezi mitano kwa kupanda ngazi na mkoba wa kilo 18. Kupanda niliweza. Kilichoniumiza ni kushuka: mapaja yanashikilia uzito wote, vidole vinagonga mbele ya kiatu, ndiko kucha zilikokwenda. Ningerudia maandalizi, nusu nzima ningeiweka kwenye kushuka na mzigo. Viatu viwe vimeshatembelewa miezi kadhaa, na chochote kinachoanza kuwaka mguuni kifungwe plasta dakika ile ile.

Sasa uwindaji wenyewe. Muda mwingi ni kukaa. Unakaa nyuma ya jiwe na darubini unachambua mlima wa mbele kipande kwa kipande, saa tatu, saa nne. Aibeksi anafanana na mwamba kabisa mpaka aukunje mguu. Mimi nilikuwa nazungusha darubini haraka haraka. Mpwa akanishika mkono, akanionyesha: unatulia mahali pamoja, unahesabu taratibu mpaka 20 hivi, ndipo unasogea kidogo. Siku ya tatu nikaanza kuona wanyama mwenyewe.

Upepo nao una ratiba. Asubuhi hewa baridi inateremka bondeni. Jua likishapasha miteremko, inageuka na kupanda. Aibeksi hujilaza juu akiangalia chini, maana maadui wake wengi humtokea chini, kwa hiyo waongozaji hupenda kuzunguka wakatokee juu yake baada ya upepo kugeuka. Mzunguko huo unaweza kuchukua saa tano. Siku ya tatu tulizunguka hivyo, tukafika, upepo ukabadilika ghafla, kundi zima likaondoka. Mzee alifungua mkoba akatoa mkate. Hakuonyesha dalili yoyote ya kuudhika. Nilimwonea wivu.

Kuhusu umri: matuta makubwa ya mbele ya pembe si miaka, msihesabu hayo. Pete za mwaka ni mistari myembamba inayoonekana ubavuni na nyuma ya pembe, pale ukuaji uliposimama msimu wa baridi. Mzee alikuwa na sharti moja, dume awe amevuka miaka minane. Walio chini ya hapo bado wanahitajika kundini.

#8

Mkuu unaandika vizuri. Nami nilikwenda Nyuzilandi mwaka juzi, na mume wangu, kuwinda tahari kwenye Alpi za Kusini. Nitaje mambo machache yanayotofautiana na ya kwako ili watu wachague.

Tahari ni mnyama wa Himalaya. Nyuzilandi hakukuwa na mamalia wa nchi kavu wa asili zaidi ya popo. Tahari waliletwa mwaka 1904, na shamwa, aina ya swala-mbuzi wa Ulaya, walifuata mwaka 1907 kama zawadi ya mfalme wa Austria. Hawakuwa na adui, wakazaana, wakawa wanamaliza mimea ya milimani ambayo haijawahi kuliwa na mnyama wa namna hiyo. Kwa hiyo serikali inataka wapunguzwe. Mpango wa mwaka 1993 uliweka kikomo cha tahari 10,000. Kwao Himalaya wamo kwenye orodha ya walio karibu kutishiwa, na huku ni wengi kupita kiasi. Nilipokuwa nimemlenga nililifikiria sana hilo.

Madume huvutia zaidi kuanzia mwezi wa 5 hadi wa 7, msimu wao wa kupandana, wakiwa na manyoya marefu ya shingoni kama ya simba. Huo ni majira ya baridi huko, miteremko ina barafu, tulivaa vyuma vya meno chini ya viatu. Mwinuko haufiki wa Asia ya Kati, nilikuwa sijasikia kichwa hata kidogo, lakini majabali na mito yake inaua watu.

Leseni ya mgeni ya kumiliki bunduki unaomba kabla. Na usafishe viatu na hema kwa brashi mpaka udongo wote utoke, kisha utangaze kwamba umebeba vifaa vya porini. Wanakagua kweli kweli kwa sababu ya mbegu na magonjwa, na asiyetangaza anatozwa faini pale pale.

#9 – Mleta uzi

Dada, shukrani, hili la viatu ni muhimu hata kwa nchi nyingine.

Sasa siku ya nne. Nimeiandika mara tatu na kuifuta.

Saa nane mchana tuliwaona madume sita wamejilaza kwenye rafu ya mwamba ng'ambo ya korongo, chini yetu. Mmoja alikuwa mkubwa. Kipima umbali kilisoma mita 410, mteremko nyuzi 35. Nyumbani nilikuwa nimefanya mazoezi ya uhakika mpaka mita 300, na mbili tatu za bahati kwenye 400. Mzee alitazama korongo, akatazama nyasi za upande wetu, akatikisa kichwa. "Jok," akasema. Hapana. Mkalimani alifafanua: anasema tusubiri, jioni watasogea kula, tutapata karibu.

Nikamwambia mkalimani kwamba nusu ya siku zangu imekwisha. Kwamba nimetoka mbali. Kwamba bunduki yangu inafika. Yote yalikuwa kweli na hakuna hata moja lililohusu yule mbuzi. Mzee akaniangalia, akainua mabega. Yeye ni muongozaji, mimi ndiye niliyelipa, na hapo ndipo nilipoitumia nguvu ya pesa yangu vibaya.

Nililala juu ya mkoba, nikalenga, nikafyatua. Kwa macho ya mwenye darubini risasi ilimpata nyuma mno, tumboni. Upepo wa korongoni ulikuwa unavuma tofauti na ule uliokuwa ukitupiga sisi usoni, na ndicho mzee alichokuwa akikitafuta kwenye nyasi. Dume alikunja mgongo, akatembea taratibu, akaingia nyuma ya mwamba. Nilitaka kukimbia kumfuata. Mpwa alinishika bega akanikalisha. Mnyama aliyepigwa tumboni ukimfuata papo hapo anaenda mbali, ukimwacha, hulala. Tukakaa. Jua likazama tukiwa tumekaa.

#10

Mkuu, pole. Samahani kwa kuuliza la kiufundi wakati huu, lakini mita 410 na mteremko, ulilenga kwa umbali upi? Nimesoma mahali kwamba ukipiga kushuka unalenga chini.

#11 – Mleta uzi

Usiombe samahani, ndiyo maana nimeleta uzi. Kupiga kushuka au kupanda, risasi zote mbili hupiga juu ukitumia umbali wa moja kwa moja, kwa sababu mvutano wa dunia unafanya kazi kwenye umbali wa mlalo tu. Mita 410 kwa nyuzi 35 ni sawa na mita 336 hivi za mlalo. Kwa nyuzi 30 unazidisha na 0.87, kwa nyuzi 45 na 0.71. Vipima umbali vya kisasa vinakupa namba hiyo vyenyewe. Hesabu hiyo niliipata sawasawa, ndiyo maana risasi haikupita juu yake. Upepo ndio ulioniangusha, na upepo wa korongo hakuna kifaa kinachokusomea ng'ambo ya pili. Unasomwa na mtu aliyekulia hapo, na mtu huyo alishasema hapana.

#12

Nisamehe ndugu, sitakupongeza kwa unyoofu wako. Unasafiri nusu ya dunia, unalipa maelfu ya dola, unamwachia mnyama maumivu ya tumbo usiku kucha kwenye baridi. Halafu mnaita utalii. Ni kitu gani hasa kinakupa haki hiyo?

#13 – Mleta uzi

Ndugu, maumivu yale sina cha kuyatetea. Ulivyosema ndivyo ilivyokuwa.

Kuhusu uwindaji wenyewe nitakujibu kwa ninachokijua, na wewe uamue. Pakistani wana mbuzi mwitu aitwaye makhori, mwenye pembe zilizosokotwa kama parafujo, mnyama wao wa taifa. Alikuwa anamalizwa kwa bunduki za kila mtu. Wakaanzisha vibali vichache sana vya kuwindwa na wageni: mwaka 1997 CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyamapori, uliwaruhusu makhori 6 kwa mwaka, mwaka 2002 wakaongezwa hadi 12. Vibali hupigwa mnada, na kimoja kimewahi kuvuka dola 200,000. Asilimia 80 ya ada inakwenda kwa vijiji vya bonde lile, asilimia 20 kwa serikali. Mwanakijiji ambaye zamani angempiga makhori kwa ajili ya nyama sasa anamlinda. Mwaka 2015 makhori alishushwa daraja la hatari kwenye orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, kutoka walio hatarini hadi walio karibu kutishiwa.

Ulaya utapata pande zote mbili. Aibeksi wa Alpi walikuwa wamebaki mahali pamoja tu, Gran Paradiso, Italia, na kilichowaokoa ni mfalme Victor Emmanuel II kupafanya eneo lake la kuwindia mwaka 1856, na askari wa kulilinda. Aibeksi wote wa Alpi wa leo wametokana na hao. Lakini ndugu yao wa milima ya Pirenei aliwindwa miaka mingi bila mpaka, na jike wa mwisho alikutwa amekufa mwezi wa kwanza mwaka 2000. Sasa hawapo.

Kwa hiyo ninayemuuliza swali gumu ni yule anayeniuzia safari: mgao wa eneo lako ni wanyama wangapi, nani anawahesabu, na kijiji kinapata nini. Asiyejibu, simlipi. Mahali ambapo pesa haifiki kwa watu wanaoishi na mnyama, mimi pia niko upande wako.

#14

Mkuu #13 umemjibu kwa heshima, hongera. Endelea basi, alipatikana?

#15 – Mleta uzi

Alipatikana siku ya sita.

Siku ya tano tuliingia kwenye lile korongo tangu alfajiri. Damu ilikuwa kidogo, nyeusi, yenye majani yaliyosagwa ndani yake, kisha ikakatika kwenye mawe. Mkataba ulisema, kama ilivyo mikataba karibu yote ya namna hii, mnyama aliyejeruhiwa amehesabiwa. Leseni yangu ilikuwa imekwisha kwa risasi ile. Waongozaji hawakuwa na deni kwangu. Walitafuta kwa muda wa saa kumi na moja bila mtu kuwaomba.

Usiku ule theluji nyepesi ilianguka. Asubuhi ya sita mpwa aliona tai wawili wakizunguka juu ya ufa mmoja, kilomita mbili hivi kutoka tulipompigia. Alikuwa amekufa ndani ya ufa, chini ya mwamba uliojitokeza, amekunja miguu. Mzee alifuta theluji kwenye pembe kwa kiganja, akahesabu pete kwa kucha ya kidole gumba, kimya kimya, kisha akaniita nihesabu na mimi. Tisa. Umri ulikuwa sahihi. Hakusema kitu kingine chochote, na ningependa angesema.

Nyama ya tumboni ilikuwa imeharibika, ya mabega na shingo ilikuwa nzuri kwa sababu ya baridi, ikabebwa yote hadi kambini.

#16

Na pembe? Taratibu za kuzisafirisha zikoje? Nataka kwenda Tajikistani kwa kondoo wa Marco Polo, nimeambiwa kule ni karatasi juu ya karatasi.

#17 – Mleta uzi

Ni kweli, na kule pia jiandae kwa gharama, ni makumi ya maelfu ya dola, na mwinuko ni mkali zaidi kuliko wangu. Mji wa Murghab wenyewe uko mita 3,600 hivi, na kuwinda kunafanyika juu ya hapo. Soma tena alichoandika muuguzi. Mkoa wa Gorno-Badakhshan, ambamo mji huo umo, una kibali chake cha kuingia, tofauti na viza. Kondoo huyo ni jamii ya argali, kondoo mwitu wakubwa wa Asia, na argali wamo kwenye orodha za CITES, kwa hiyo unahitaji kibali cha kutoa nje kutoka kule, na nchi nyingine zinadai pia kibali cha kuingiza. Marekani kwa mfano wanadai. Ulizia mamlaka ya wanyamapori ya nchi unayoishi kabla hujalipa hata arubuni, maana kuna watu nyara zao zimekwama ghalani miaka kwa karatasi iliyopaswa kuombwa mwanzoni.

Fuvu huchemshwa likatolewa nyama yote, ngozi hupakwa chumvi na kukaushwa, hupatiwa cheti cha daktari wa mifugo, halafu husafirishwa kama mzigo. Hesabu miezi. Na hakikisha bima yako inataja uwindaji, mwinuko utakaofika na uokoaji wa helikopta. Bima nyingi za kawaida za safari zinaviondoa vyote vitatu kwa maandishi madogo.

#18

Zilibaki siku mbili. Ulirudi mapema?

#19 – Mleta uzi

Nilitaka kurudi. Nilishafunga mkoba. Jioni ya sita mkalimani akaja kunieleza kwamba mzee anauliza kama kesho nitapanda naye. Nikasema leseni imekwisha. Akajibu kwamba anajua, anataka kwenda kuangalia mbuzi wa upande wa mashariki ili ajue wako wangapi kabla ya theluji kubwa, na macho manne ni bora kuliko mawili.

Tulipanda siku ya saba na ya nane bila bunduki. Nilikuwa mwepesi, nikagundua nilikuwa nimetembea siku sita nikiangalia miguu yangu na saa. Siku ya nane, kama saa nne asubuhi, tulitokea kwenye mgongo wa mlima taratibu, mzee mbele. Akainama ghafla. Chini yetu, umbali ambao nilipoupima ulikuwa mita 180, amesimama dume ambaye sijawahi kuona kama yeye hata kwenye picha, peke yake, pembe zinakaribia kumgusa mgongo. Upepo ulikuwa unatujia usoni. Hakutusikia.

Tulimtazama muda mrefu. Mzee alinipa darubini yake yenye nguvu, akaninong'oneza nihesabu. Nilifika kumi na mbili nikapoteza, nikaanza upya, nikafika kumi na tatu. Nilipomrudishia alikuwa anatabasamu. Alimtazama tena yeye mwenyewe, akatoa daftari dogo mfukoni, akaandika.